Saa ya Kazi

Yapata mwaka mmoja sasa watu wa kijijini kwetu wamekuwa wakituuliza swali moja, wengine kwa mzaha na wengine kwa kutaka kujua: "Mwalimu, mbona wavaa saa ya arusi kwenda kufundishia watoto?" Husema kwamba saa ya namna ile ni ya suti na tai, wala haifai kukutana na vumbi la chaki na jasho la njiani. Mara nyingi tumejibu kwa kifupi, tukacheka, tukaenda zetu. Walakini jibu la kifupi halikuwa jibu kamili, maana ndani yake mna jambo tuliloona haya kulisema. Leo twapenda kulisema lote, kwa kuwa twadhani wako wengi wenye kitu kama hicho sandukuni mwao.

Kwanza tueleze ni saa ya namna gani. Si kubwa. Upana wake haupiti milimita 34, na unene wake ni kama wa sarafu nne zilizopangwa pamoja. Uso wake ulikuwa mweupe zamani, nao sasa umegeuka rangi kidogo kama karatasi za kitabu cha siku nyingi. Hauna tarakimu, ila vistari kumi na viwili vyembamba, na mishale miwili, na chini kiduara kidogo chenye mshale wa sekunde. Haionyeshi tarehe, haina taa, haina kengele. Ukanda wake ni wa ngozi. Pembeni mwa uso pana maandiko madogo mno ya kuonyesha kwamba ilitengenezwa Uswisi. Haiendi kwa betri. Hutiwa ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada kila siku. Saa za namna hii zilibuniwa ziende pamoja na mavazi ya heshima: ziwe nyembamba zipate kupita chini ya mkono wa shati, wala zisimeremete hata kumvuta mtu macho wakati wa mazungumzo.

Baba yetu alikuwa mwalimu kama sisi. Aliinunua saa hii mwaka 1974 katika duka moja mjini Tanga, kwa fedha alizoziweka kidogo kidogo karibu miaka miwili. Aliivaa siku zote za kazi, tangu mwaka ule hata alipostaafu mwaka 2007. Tulipokuwa wadogo tuliijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Usiku aliiweka mezani karibu na kibatari, nasi tuliolala katika chumba kile tuliisikia ikienda, tk, tk, tk, mpaka usingizi ukatuchukua. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, aliitia ufunguo, naye alikuwa akihesabu mizunguko kwa sauti ndogo. Akifika alipozuiwa na kamani, huacha pale pale. Hakuna aliyeruhusiwa kusema naye katika dakika ile.

Tulipomaliza masomo ya ualimu mwaka 2012, tulirudi nyumbani na cheti chetu. Baba alikisoma cheti kutoka juu hata chini, asiseme neno. Kisha akaivua saa mkononi mwake, akatufunga nayo mkononi mwetu, akasema, "Hii ni ya kazi." Hayo ndiyo maneno aliyosema, wala hakuongeza.

Basi tulikwenda nayo kwenye kituo chetu cha kwanza, nasi tuliivaa miezi michache. Lakini siku zile vijana wote walikuwa wakivaa saa kubwa kubwa, pana kama kifuniko cha kopo, zenye mikanda ya chuma na viduara vingi usoni. Mwalimu mwenzetu mmoja alipoiona saa yetu alicheka, akauliza kama tumeazima saa ya bibi. Wengine wakacheka pia. Jambo lenyewe ni dogo, wala yule mwenzetu hakuwa na ubaya. Lakini sisi tulikuwa vijana, na kicheko kile kilitushinda. Jumamosi iliyofuata tulikwenda mnadani tukanunua saa kubwa. Ile ya baba tukaifunga katika kitambaa, tukaiweka sandukuni chini ya nguo.

Watu walipouliza iko wapi saa ya baba, tulijibu kwamba tumeiweka kwa heshima, kwa kuwa ni kumbukumbu, nayo ni ya siku kuu tu. Jibu hilo lilipendeza masikioni mwa watu, hata na sisi wenyewe tukalisadiki. Lakini halikuwa kweli. Hatukuiweka kwa heshima. Tuliificha kwa haya. Twadhani si sisi peke yetu tuliopata kuiita haya kwa jina la heshima.

Ile saa kubwa tuliyonunua, wasomaji, ilikuwa na viduara vitatu vilivyochorwa tu, wala mishale yake haikuzunguka. Mgongoni iliandikwa kwamba haiingii maji, na mvua ya kwanza ya masika ilipotupata njiani kioo chake kikajaa ukungu ndani. Kila mara ilikwama katika mkono wa shati, tukalazimika kuacha kifungo wazi. Haikumaliza miaka miwili. Baada yake hatukununua nyingine, maana tulikuwa na simu ya mkononi, tukaona simu yatosha kwa saa.

Sasa twafika kwenye jambo lile la haya. Tulipokwenda kumwamkia baba wakati wa likizo, desturi yake ilikuwa kuuliza, baada ya habari za afya na za watoto, "Ile saa yakwenda?" Nasi tulijibu, "Yakwenda, baba." Mara ya kwanza hatukuivaa, tukasema tumeiacha nyumbani tusije tukaibiwa garini. Mara ya pili tuliona si vyema kusema hivyo tena, basi tukaichukua, tukaivaa tulipokaribia kufika. Tukajaribu kuitia ufunguo, nayo haikwenda. Tuliitikisa, ikaenda sekunde chache, ikasimama. Tungalimwambia baba siku ile, jambo lingalikwisha. Lakini tulitazama saa katika simu, tukaiweka mishale sawasawa na simu, tukaingia uani na saa iliyokufa mkononi.

Tulifanya hivyo miaka sita. Kila likizo tuliitoa sandukuni, tukaiweka mishale tulipokaribia mlangoni, tukajibu, "Yakwenda, baba." Tulikuwa tukiwafundisha watoto wa watu kwamba uongo ni mbaya, na likizo ilipofika tukaufunga uongo mkononi kwa ukanda wa ngozi.

Hata ikawa macho ya baba yakaanza kupoteza nuru. Waganga wa hospitali walisema ni ugonjwa wa presha ya macho, ambao ukichelewa kutambuliwa, nuru iliyokwisha kwenda hairudi tena. Wakampa dawa ya matone ili kuyahifadhi yaliyobaki, lakini yaliyobaki yalikuwa machache. Tukamleta akae kwetu. Jioni moja, watoto walipokwisha kula, alituita akasema, "Mwanangu, nipe ile saa niishike kidogo."

Tulikwenda sandukuni. Kitambaa kilikuwa na koga, na ukanda wa ngozi ulikuwa umeliwa na wadudu. Tukampa. Akaishika kwa mikono miwili, akaugusa ukanda, akanyamaza. Akaitia ufunguo taratibu, akihesabu kama zamani. Kisha akaiweka sikioni. Tulisimama mbele yake, na mama watoto wetu alikuwa mlangoni ameshika sahani, naye asiondoke. Baba aliiweka sikioni muda mrefu, kama mtu anayemngoja mwenziwe aitike. Halafu akaishusha, akaturudishia, akasema, "Imelala." Akaomba apelekwe chumbani.

Hakutukemea. Angalitukemea tungalipata nafuu. Usiku ule hatukulala vizuri.

Jumamosi tulipanda gari kwenda Tanga kumtafuta fundi saa. Mafundi wa kazi hiyo si wengi siku hizi, lakini tulimpata mzee mmoja aketiye barazani mbele ya duka, mwenye meza ndogo ya kioo na vikopo vya vyuma vidogo kama mbegu za mchicha. Alitia kioo cha kukuzia jichoni, akafungua mgongo wa saa, akatazama kitambo. Kisha, kwa kuwa tulijitambulisha kuwa mwalimu, akatuita tutazame, akatufundisha kama tunavyofundisha sisi.

Akatuonyesha kamani, ukanda mwembamba wa chuma uliozungushwa ndani ya kopo lake. Ufunguo ukitiwa hukazwa, nao ukitaka kulegea ndio husukuma saa yote. Ukijazwa vizuri huiendesha saa siku moja na nusu hivi. Nguvu hiyo hupita katika magurudumu yenye meno, moja likisukuma jingine, hata ifike kwenye gurudumu dogo linalokwenda huku na huku kama bembea. Gurudumu hilo lina kamani yake ya pili, nyembamba kama unywele, nayo hulirudisha kila mara katikati. Alituambia kwamba katika saa kama yetu gurudumu lile hupiga mapigo 5 kila sekunde, yaani 18,000 kwa saa moja. Tulihesabu garini wakati wa kurudi: kwa siku moja ni mapigo 432,000. Twajua kutoka vitabuni kwamba saa ya kwanza ya kuchukuliwa yenye kamani ile ya unywele ilitengenezwa mjini Paris mwaka 1675 kwa shauri la mtaalamu wa Uholanzi, Christiaan Huygens. Kabla yake saa za mfukoni zilipotea sana kila siku. Baada yake zikaanza kuaminika.

Tuliona pia vijiwe vyekundu ndani, tukamwuliza kama ni yakuti kama watu wasemavyo. Akacheka, akasema ndivyo, ni yakuti, nazo katika saa hii ni 17, lakini tusitazamie utajiri. Vijiwe vile hutengenezwa na watu kwa moto. Mfaransa Auguste Verneuil ndiye aliyeitangaza njia hiyo mwaka 1902. Kazi yake si pambo, ila ni kuwa tundu la kuzungukia ncha za magurudumu, kwa sababu ni ngumu wala hazilikilimbiki upesi kama chuma.

"Sasa ugonjwa wake ni nini?" tukauliza. Akasema, "Mafuta yamekauka yakawa kama gundi. Hakuna kilichovunjika." Tukasema kwamba labda kuvaliwa na baba miaka mingi ndiko kulikoiua. Akatikisa kichwa. "La, bwana mwalimu. Mafuta hukauka ivaliwe au isivaliwe. Lakini mwenye kuivaa huona inachelewa, akaileta mapema. Mwenye kuificha hajui lolote, mpaka siku anapoitaka."

Aliifungua yote, akaisafisha kipande kwa kipande, akaitia mafuta mapya, na kazi ilichukua majuma mawili. Alitutoza shilingi 45,000. Tuliwaza kwamba miaka yote ile tuliogopa gharama, nayo ilikuwa karibu sawa na bei ya ile saa ya mnadani yenye viduara vya kuchora. Ukanda mpya tuliushonesha kwa fundi viatu wa kijijini, wa ngozi ya mbuzi, rangi ya kahawia.

Tangu siku ile twaivaa kila siku, nasi twapenda kueleza tuliyojifunza, maana hatukutazamia kuipenda. Tulianza kuivaa kwa kutubu. Tuliendelea kuivaa kwa sababu ni saa njema.

La kwanza, ni nyepesi. Mwandikaji ubaoni huinua mkono mamia ya mara kwa siku. Ile saa kubwa ilikuwa ikishuka na kupanda kama bangili, lakini hii hukaa mahali pake chini ya shati, nawe huisahau mpaka unapoihitaji. Tumekuja kufahamu kwamba udogo tulioucheka ndio uliokuwa akili yake. Hata zile za watu wakubwa wa dunia hazikuwa kubwa. Kampuni ya Patek Philippe ya Geneva ilipotoa mwaka 1932 saa yake iitwayo Calatrava, ambayo mpaka leo huhesabiwa kuwa kielelezo cha saa za mavazi ya heshima, upana wake ulikuwa milimita 31 tu. Na juu ya kicheko cha saa ya bibi, tumesoma kwamba mwanzoni wanaume wa Ulaya wenyewe walizicheka saa zote za mkono kuwa mapambo ya wanawake; mwanamume alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akiruka angani kwa vyombo vyake huko Paris, ndiye aliyemlalamikia rafiki yake Louis Cartier kwamba hawezi kutoa saa mfukoni huku mikono imeshika usukani, naye akamtengenezea ya mkononi mwaka 1904. Kisha Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ikawafundisha askari jambo lile lile, na kicheko kikaisha. Basi saa ya mkono, hata hiyo tunayoiona ya arusi, ilianza kwa haja ya mtu mwenye kazi mikononi. Baba alisema vyema: hii ni ya kazi.

La pili ni juu ya watoto. Zamani tulipotaka kujua wakati darasani tulitoa simu mfukoni. Siku moja msichana wa darasa la tatu, ambaye hasomi kwa urahisi, alikuwa amesimama akisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kwa jasho. Tulitoa simu tupate kuona kama kipindi kinakaribia kwisha, tukakuta ujumbe, tukausoma. Tulipoinua macho mtoto alikuwa amenyamaza ameketi. Alidhani tumechoka naye. Ilituchukua siku nyingi kumrudisha kwenye kusimama. Saa ya mkono haina ujumbe. Huitazami ila kwa jambo moja, na kabla mtoto hajamaliza neno umekwisha kurudi kwake.

La tatu tulifundishwa na watoto wenyewe. Wajua, msomaji, taabu ya kufundisha saa kwa Kiswahili: mshale mfupi ukiwa kwenye saba twasema saa moja, ukiwa kwenye nane twasema saa mbili, maana sisi twahesabu tangu kupambazuka, na saa zimeandikwa kwa hesabu ya wenzetu waanzao usiku wa manane. Mtoto huuliza, "Mwalimu, mbona imeandikwa saba?" Lakini uso wa saa yetu hauna tarakimu hata moja. Tulipowaonyesha, kijana mmoja akasema, "Mwalimu, mshale mfupi ni jua." Tukamwuliza kwa nini. Akasema alfajiri, saa kumi na mbili, mshale uko chini. Kisha wapanda, wapanda, na saa sita mchana uko juu kabisa kama jua lilivyo utosini. Halafu washuka upande wa pili, na jua likichwa uko chini tena. Tumefundisha miaka kumi na zaidi, wala hatukupata kuliona hilo. Huku kwetu, karibu na mstari wa Ikweta, jua halibadilishi sana saa zake mwaka mzima, basi maneno yake ni kweli karibu siku zote. Tangu hapo twafundisha hivyo, na watoto hushika upesi.

Tusifiche upungufu wake. Gizani haionekani, kwa kuwa haina nuru yake. Maji ni adui wake; twendapo shambani, au mtoni, au mvua ikitanda, twaivua na kuitia mfukoni ndani ya mfuko wa nailoni. Ngozi haipendi jasho, nao ukanda wa kwanza umekwisha kuoza, tukashonesha wa pili. Wala haiendi sawasawa kama saa za betri. Kampuni ya Seiko ya Japani iliuza saa ya kwanza ya mkono yenye jiwe la kwatsi tarehe 25 Desemba 1969. Katika saa nyingi za betri tulizo nazo leo jiwe hilo hutikisika mara 32,768 kila sekunde, nazo hupotea sekunde chache tu kwa mwezi. Yetu hutangulia kama sekunde 20 kwa siku. Basi kila Jumamosi jioni twaisawazisha kwa saa ya redio, ili Jumapili tusiwe wa kwanza kabisa kuingia kanisani na kuonekana wachaji kuliko tulivyo. Kwa kazi ya kupiga kengele ya shule, sekunde 20 hazijamdhuru mtoto.

Na la mwisho ni lile la baba. Jioni tuliporudi na saa kutoka kwa fundi, tulimkuta ameketi uani. Hatukusema neno, tukaishika mkono wake tukauweka juu ya saa, kisha tukaisogeza sikioni mwake. Akasikiliza. Akasema, "Eeh." Kisha akasema, "Inakwenda haraka kidogo. Ilikuwa hivyo tangu zamani."

Hapo tukaona kwamba tusipoungama siku ile hatutaungama tena. Tukasema, "Baba, utusamehe. Miaka sita tulikudanganya. Tulikuja kwako tumeivaa, nayo imekufa."

Akajibu, "Nilijua."

Tukashangaa, maana siku zile macho yake yalikuwa yakiona bado, lakini mishale tuliiweka sawa. Tukamwuliza alijuaje.

Akasema, "Mtu mwenye saa huitazama. Wewe ulikuja umevaa saa, na ulipotaka kujua kama gari litakupita, ukatazama jua."

Tukamwuliza mbona hakusema. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilikuwa nikiuliza kila mara. Nilikuwa nakupa nafasi." Halafu akaomba maji ya kunywa, nasi tukaenda kumletea, tukakawia kidogo jikoni.

Wasomaji, baba yu hai, nasi twamshukuru Mungu. Kila jioni tunaporudi shuleni huuliza, "Ile saa yakwenda?" Nasi hatujibu mpaka tuitazame, kisha twamwambia wakati wenyewe, saa na dakika. Yeye huitikia kwa kichwa. Asubuhi twaitia ufunguo mbele yake, wala hatuhesabu kimoyomoyo, ila kwa sauti, naye husikiliza kama mizunguko imetimia. Mwana wetu wa kwanza ana miaka saba, naye amekwisha kujifunza kwamba katika dakika ile hasemi na baba yake.

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa una saa ya mzazi sandukuni, au taa yake, au cherehani yake, usiseme umeiweka kwa heshima kabla ya kujiuliza sababu yenyewe. Ikiwa ni saa, ipeleke kwa fundi aijuaye kazi, wala usiifungue mwenyewe kwa kisu. Itie ufunguo mara moja kwa siku, wakati ule ule, nawe uache kamani ikikuzuia. Iepushe na maji, na spika za redio, maana zina sumaku nayo huiharibu. Baada ya miaka minne au mitano irudishe isafishwe, hata ikiwa yakwenda. Kisha uivae kwenda kazini. Watu wakicheka, waache. Nasi tulichekwa mara moja tu, na kukimbia kicheko kile kulitugharimu miaka mingi.

Sasa ni saa mbili kasoro dakika kumi. Tumeitazama. Imetupasa kwenda kupiga kengele.